Nyayo za Ngowa Juu ya Minazi ya Mwaringa

Jua la asubuhi limeanza kuchoma, na Mwaringa Dena amesimama chini ya mnazi, shingo ameipinda nyuma, macho ameyakaza juu. Hatazami nazi. Anatazama nyayo za ndugu yake.

Nyayo hizo zinapanda. Mguu mmoja unaingia kwenye kidato kilichochongwa kwenye shina, wa pili unafuata, na kila unaponyanyuka Mwaringa anabinua mdomo kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

"Mtazame," anamwambia mwandishi huyu. "Anapanda kama mwizi wa kuku. Mgema hapandi hivyo."

Aliye juu ni Ngowa, mtoto wa baba yake mdogo. Kwa mtu asiyeijua kazi hii, Ngowa anapanda vizuri mno. Amefika kileleni, amechomoa kotama, kile kisu kilichopinda cha wagema, na kukata kipande chembamba kwenye ncha ya ua la mnazi ambalo halijachanua. Amelifunga tena ua, ametundika chupa tupu na kushuka na iliyojaa. Hakuna hata tone lililomwagika.

"Kaka, leo huu umetoa vizuri," anasema akifika chini, akimkabidhi Mwaringa chupa kwa mikono miwili.

Mwaringa anainusa. "Mnazi wangu. Utaacha kutoa?"

Ngowa anacheka, anajifuta jasho na kuuendea mnazi wa pili. Mwaringa anamfuata, nyuma yake, akibeba chupa.

Shamba hili la minazi liko nje kidogo ya Gede. Mwaringa, mwenye umri wa miaka arubaini na minne, alilirithi kwa marehemu baba yake, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mguu mwingine uliopanda humu kugema. Alipanda asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu ua la mnazi lisipokatwa hukauka ncha na kufunga, na mnazi uliofunga humtia mgema njaa mpaka utoe ua jingine.

Leo haruhusiwi kupanda hata ngazi ya kuezekea paa. Mwaka juzi alianguka, akaumia kichwa, ubongo ukavimba. Alipona kwa kiasi ambacho jirani zake wanakiita muujiza. Wengi walioponea chupuchupu humwambia mwandishi kwamba wanashukuru, na Mwaringa naye anashukuru, ila anashukuru huku amenuna.

"Andika hivyo hivyo," anasema. "Mwaringa ana wivu. Aibu nimeshamaliza kuiona. Namwonea wivu ndugu yangu, namwonea wivu kwa miguu yake, naionea wivu hata kamba yake."

Ukimuuliza kama ni kwa sababu ya pesa, anakasirika. Ni kweli pato limekatwa nusu. Siku njema tembo, pombe hiyo ya mnazi, lilikuwa likimwingizia kama shilingi elfu moja, na sasa nusu ni ya Ngowa, ambayo ni haki ya anayepanda. Lakini hilo, anasema, si neno.

"Kinachoniuma ni kwamba hii minazi haikunililia. Nilidhani nikiondoka itafunga yote. Imempokea yule kama vile mimi sikuwahi kuwapo."

Siku ya kuanguka kwenyewe haikumbuki. Anakumbuka kwamba kulinyesha, na kwamba mkewe Janet alimwambia asubiri shina likauke. Alishika shina la kuti lililokuwa limeoza, likamwachia mkononi. Hiyo anaijua kwa kusimuliwa. Kilichofuata, karibu mwezi mzima wa maisha yake, anakijua pia kwa kusimuliwa tu, na humo ndimo wivu wake ulimoanza kupata mizizi.

Wanaokumbuka ni watatu: Janet, Ngowa, na muuguzi mmoja anayeitwa Mahfudha.

Mahfudha ni mama wa makamo ambaye wazee wake walitoka Lamu. Anafanya kazi katika hospitali aliyopelekwa Mwaringa, na anamkumbuka vizuri kwa kuwa aliingia ananuka tembo kuanzia kichwani hadi miguuni. Chupa aliyokuwa ameifunga kiunoni ilikuwa imempasukia.

"Wenzangu wakadhani ni mlevi," anasema. "Nikawambia, huyu hakunywa, huyu amemwagikiwa. Tembo ni haramu kwangu, lakini roho ya mgema haikuharamishwa."

Hali ilikuwa mbaya. Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka na haikujali mwanga. Kwa muuguzi mwenye uzoefu, hiyo ni ishara kwamba ndani ya kichwa pamebana.

"Goti likipigwa lavimba, wapumzika, lanywea," Mahfudha anaeleza. "Lina nafasi ya kuvimbia. Ubongo hauna. Fuvu ni mfupa, halitanuki, basi ubongo wajibana wenyewe, na damu yashindwa kupita."

Dawa aliyopewa kwa mshipa inaitwa manitoli. Ni jamaa wa sukari, ingawa si ya kutilia chai. Ikiingia kwenye damu huvuta maji kutoka kwenye ubongo uliovimba, kisha figo huyatoa maji hayo kwa mkojo. Mahfudha, kama mtu aliyekulia kwenye nyumba ya ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ana namna yake ya kuieleza.

"Si wajua samaki akipakwa chumvi hutoa maji? Basi. Na kuna wagonjwa ambao daktari huamua wapewe maji ya chumvi nzito badala ya manitoli. Kazi ni hiyo hiyo, kuvuta maji."

Janet, ambaye hushona makuti na ana ulimi mwepesi, anakumbuka jambo jingine. Manitoli ikikaa mahali penye baridi hufanya chembechembe kama za chumvi, na lazima ipashwe moto kidogo mpaka ziyeyuke kabla ya kutumika. Alimwona Mahfudha akiitumbukiza chupa kwenye beseni la maji ya moto na kuigeuzageuza.

"Nilimwona anaiogesha chupa kama mtoto mchanga," anasema Janet. "Nikamwambia, mama, mume wangu yule pale ana matope hadi masikioni, si umwogeshe yeye? Alinitazama akacheka. Sikujua kwamba kile ndicho kilichokuwa kikimshikilia."

Mboni ilirudi. Ikapatikana nafasi ya kumpiga picha ya kichwa na kumfikisha kwa daktari mpasuaji, akatolewa damu iliyokuwa imeganda chini ya fuvu. Watu humtaka Mahfudha aseme kwamba dawa ndiyo iliyomponya, naye hakubali.

"Sisemi hivyo. Madaktari wangali wanachunguza ni mgonjwa yupi inamfaa zaidi, na kwa kiasi gani. Zamani watu walioumia kichwa walipewa dawa nyingine za uvimbe, za steroidi, na kila mtu alikuwa na imani nazo, mpaka utafiti ukaonyesha zaongeza vifo. Zikaachwa. Ndiyo maana mimi nikiulizwa husema nilichokiona kwa macho yangu."

Alichokiona kwa macho yake ni pamoja na kosa ambalo, anasema, lisingeweza kufanyika mahali pasipo na minazi.

Baada ya upasuaji ubongo ulikuwa bado umevimba, na Mwaringa alikuwa hajitambui. Dawa iliendelea. Mkojo ulikuwa ukijaa kwenye mfuko uliotundikwa kando ya kitanda, unamwagwa, unajaa tena. Ngowa, aliyekuwa akija wodini kila alipomaliza kugema minazi yake na ya kaka yake, aliutazama mfuko ule kwa hofu iliyozidi kila siku.

"Nikasema hawa wanamkamua kaka," Ngowa anakumbuka. "Wanamkamua kama nazi, watamwacha chicha. Na mimi pale sina sauti, mimi ni mtu wa porini, daktari nitamwambia nini? Lakini najua mtu aliyeishiwa maji anapewa nini. Toka nizaliwe najua."

Akaangua madafu kwenye minazi ya Mwaringa mwenyewe. Mgonjwa alikuwa akilishwa uji kwa mpira uliopitishwa puani, na jamaa walikuwa wakiruhusiwa kuuleta kutoka nyumbani. Ngowa akawa anauchanganya na maji ya dafu, mengi kuliko uji wenyewe, kisha anaikabidhi chupa akiwa na uso wa mtu mwema.

Mwaringa, aliyekuwa ameanza kufumbua macho akiitwa, akazama tena. Damu ilipopimwa, chumvi ilikuwa imeshuka.

"Twajiuliza, maji haya yatoka wapi?" anasema Mahfudha. "Twapima kila kinachoingia na kila kinachotoka. Mpaka siku hiyo nikaifungua ile chupa nikainusa. Nikamwita yule kijana nje. Nikamwambia, sisi twatoa maji kwa mlango wa mbele, nawe wayarudisha kwa mlango wa uani. Wataka ubongo wa nduguyo uvimbe tena? Alikaa chini palepale akalia, na ndevu zake."

Kosa lilirekebishwa. Mwaringa akazinduka tena, taratibu, na safari hii hakurudi nyuma. Neno la kwanza alilolisema, kwa mujibu wa Janet, lilikuwa "nani anakata?" Alimaanisha minazi. Ngowa akamjibu kwa furaha kwamba hakuna hata mmoja uliofunga.

Mtu mwingine angemshukuru. Mwaringa anasema kwamba alipoelewa jibu lile, alipokuwa na akili ya kulielewa, alitamani angalau mnazi mmoja uwe umefunga, na anatamani hivyo mpaka leo.

Alirudi nyumbani akiwa na mguu mmoja unaotetemeka na amri ya daktari. Kwa kuwa alishashikwa na kifafa mara mbili tangu aumie, na kizunguzungu kinamjia bila kubisha hodi, miguu yake isitoke chini. Haikutajwa siku ya mwisho ya amri hiyo.

Cha kwanza alichokiona shambani kilikuwa vidato. Mgema huchonga vidato kwa kadiri ya hatua yake, na Mwaringa ana miguu mirefu. Ngowa ni mfupi. Katikati ya vidato vya zamani, vilivyokwisha kuwa vyeusi kwa miaka, palikuwa na vipya, vyeupe, kila mnazi.

"Ni kama kurudi nyumbani ukakuta kiti chako kimekatwa miguu ili mwingine akitoshee," anasema. Janet, anayesikiliza huku akishona kuti, anasema kwamba siku hiyo mumewe alikataa kula.

Kisha kulikuwa na mangwe. Kwenye kilabu kile cha tembo, Mwaringa aligundua kwamba kuanguka kwake kumekuwa hadithi, na mwenye hadithi ni Ngowa. Ngowa anajua kusimulia. Anaonyesha jinsi shina la kuti lilivyovunjika, anaiga sauti ya Mahfudha, anajicheka mwenyewe kwa yale madafu, na watu wanamnunulia. Mwaringa aliketi pembeni akisikiliza habari zake mwenyewe kama mgeni. Siku moja alijaribu kumsahihisha. Mzee mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, "Wewe Mwaringa hukuwapo."

Wateja walilisifu pia tembo la Ngowa. "Mwanzoni nilifurahi wakimsifu," anakiri. "Si unajua mgema akisifiwa? Nikasema sasa atatia maji, nimkamate. Nikawa naonja kila chupa. Sikuyapata hayo maji."

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Janet na Ngowa walikuwa wamekaa pamoja wodini siku nyingi, na walikuwa na vicheko vyao. Mmoja alitaja beseni, wote wawili wakacheka, na Mwaringa akabaki akiwatazama. Alimwambia mkewe maneno ambayo hakutaka yachapishwe. Janet hajali yakichapishwa.

"Aliniambia niende nikaolewe na Ngowa," anasema. "Nikamwambia Ngowa anakoroma, nilimsikia kule wodini, siwezi. Hapo ndipo akakasirika zaidi."

Wivu ukikosa pa kukaa hutafuta mlevi wa kuusemea. Pale mangwe mtu mmoja alimwinamia Mwaringa akamwuliza kama ana hakika dafu lile lilikuwa kosa. Leo minazi inagemwa na nani? Na angekufa, ingegemwa na nani? Kikulacho ki nguoni mwako, yule mtu akasema, akaendelea kunywa tembo la Ngowa.

Mwaringa hakulala na neno hilo. Alikwenda akasimama mbele ya nyumba ya Ngowa na kudai kotama, ile aliyorithi kwa baba yake, ambayo Ngowa alikuwa akiitumia. Akamwambia asikanyage tena shamba lake. Akamwambia kwa nini.

Ngowa alikwenda ndani, akaileta kotama imefungwa kwa kitambaa, akaitoa kwa mikono miwili.

"Nilitaka agombane," anasema Mwaringa. "Angegombana ningejua. Alinyamaza, nikabaki na kotama na sijui nini."

Minazi haikukatwa siku hiyo, wala asubuhi iliyofuata. Kufikia mchana Mwaringa alijua kwamba isipokatwa upesi itafunga, yote, ile aliyotaka imlilie na ambayo sasa ilikuwa inafunga kwa sababu yake. Janet alikuwa amekwenda kuuza makuti. Mwaringa alivua viatu.

Simulizi hii hakuna mwingine anayeijua yote, na anaisimulia polepole, kwa raha ya mtu aliye na mali yake mwenyewe.

Alipanda. Vidato vya chini vilimpokea kama zamani, na kwa muda, anasema, alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo tangu aumie. Kisha, alipopita kimo cha paa la nyumba, dunia ikamgeuka. Alikumbatia shina, akafumba macho. Mguu unaotetemeka ukatoka kwenye kidato. Aliushusha kutafuta kingine, kidato chake mwenyewe cha tangu ujana, na hakukifikia. Hatua yake haikuwa tena ndefu kama zamani.

"Mguu ulikuwa unapapasa mti mtupu," anasema. "Nikajua sasa nakwenda, na safari hii hakuna wa kuogesha chupa. Halafu kidole kikaingia mahali. Nikafumbua macho nikatazama. Ni cheupe. Ni cha Ngowa."

Alishuka hivyo hadi chini, kwa vidato vya mtu mfupi, kimoja baada ya kingine. Alipogusa ardhi alikaa, akatapika, na aliponyanyua kichwa alimwona Ngowa amesimama kwenye ua wa shamba. Alikuwa ameona kila kitu. Hakuthubutu hata kumwita, asije akamshtua.

Ngowa aliingia, akaiokota kotama iliyoanguka, akaifuta mchanga kwenye kaptula yake, akapanda. Akakata mnazi ule, na wa pili, na yote. Jioni akaja tena.

Mwaringa alikwenda mangwe siku ya pili akiwa amejiandaa kwa kicheko. Alijua hadithi itakuwa imefika, na Ngowa atakuwa ameshajifunza kuiga mguu unaotetemeka. Aliketi akisubiri. Ngowa alikuwapo, anasimulia habari ya mbuzi wa jirani. Hakuitaja siku ile, wala wiki ile.

"Huyu ndiye mtu ambaye alisimulia mpaka mkojo wangu," anasema Mwaringa. "Hii akaifungia. Mtu aliyetaka nife angekaa na siri kama ile kwa ajili ya nani?"

Alipokwenda kliniki alipita wodini kumsalimu Mahfudha na kumpelekea nazi za kupikia. Alimpa shikamoo, kisha akamuuliza lile swali la dafu, ili alisikie kwa mtu mwingine. Mahfudha alimwambia kwamba katika miaka yake yote wodini ameona watu waliowatakia ndugu zao mabaya, na hajaona hata mmoja aliyelala chini ya kitanda cha mgonjwa kwenye sakafu ya saruji, kama alivyolala Ngowa.

Je, wivu umeisha? Mwaringa anamtazama mwandishi kana kwamba ameulizwa kama bahari imekauka.

"Umeisha wapi? Leo asubuhi umemwona anavyopanda."

Nyuma ya nyumba, Mwaringa amepanda miche ya minazi mifupi, ile inayozaa ikiwa bado haijamzidi mtu kimo. Aliipata kwa mkulima wa Mnarani. Ameizungushia miba dhidi ya mbuzi, na huimwagilia mwenyewe, kwa kopo, akichechemea kati ya kisima na shamba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, anasema, naye miguu yake imeamriwa kukaa chini, lakini mikono haikuamriwa kuacha kotama.

Itachukua miaka kadhaa kabla haijatoa ua. Wapo wanaomwambia kwamba tembo la mnazi mfupi ni jepesi, na huenda wateja wasilipende. Amesikia. Ataligema hivyo hivyo, amesimama.

Ngowa amejitolea mara nyingi kusaidia kuchota maji. Amekataliwa mara zote. Asubuhi hii, akiwa ameshamaliza mnazi wa mwisho, anapita karibu na miba, anainama kuitazama miche na kuuliza kwa heshima kama, siku ikifika, ataonjeshwa tembo la kwanza.

"Utaonjeshwa," Mwaringa anamjibu, akimwaga maji kwenye shina bila kunyanyua uso. "Utakaa kwenye benchi na wateja, usubiri nikate."

Ngowa anasema atasubiri.